Ilipokutwa Siko Ilikotoka

Kwa niaba ya ini, mapafu, ubongo na mifupa yote, mirefu kwa mifupi, inatangazwa rasmi kwa ndugu, jamaa na majirani kwamba mwilini humu kuna wahamiaji. Wanaingia bila hodi, wanakaa bila kodi, na wakiulizwa kwao ni wapi wanajifanya wamezaliwa hapo hapo. Madaktari bingwa wamesoma miaka kumi na mitano ili wawatambue. Maprofesa wameandika vitabu vizito vya kutosha kuzuia mlango usifungwe na upepo. Lakini katika jengo la nyuma la hospitali moja kubwa, mlango wa tatu ukishapita chumba cha kufulia mashuka, yuko mama mmoja mfupi, mwenye miwani iliyoungwa kwa plasta ya vidonda, ambaye huwatupia wahamiaji hao jicho moja, akawajua kwao, kisha akarudi kwenye chai yake.

Digrii hana. Ana cheti cha miezi kumi na minane, ambacho mende wamekila pembe mbili, na ana miaka ishirini na saba ya kukata.

Anakata nyama za watu. Tuliseme hivyo kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe husema. Aliwahi kuulizwa kazi yake kwenye foleni ya benki, akajibu kwa ufupi huo huo, na watu watatu waliokuwa mbele yake wakakumbuka ghafla kwamba walikuwa na shughuli mahali pengine.

Kazi yenyewe ni hii. Daktari wa upasuaji akishanyofoa kipande cha uvimbe, hukitia kwenye kikopo chenye dawa ya kuzuia kuoza, akajaza fomu, akaenda zake kula. Kikopo kinaletwa jengo la nyuma. Kipande kinakaushwa maji, kinazamishwa kwenye nta ya moto, na nta ikiganda kinakuwa kijitofali cheupe, kidogo kama sabuni za hotelini. Hapo ndipo mama anapoingia. Hukilaza kijitofali juu ya barafu, akakifunga kwenye mashine yenye wembe na usukani mdogo ubavuni, akakipulizia pumzi mara moja kama anayesafisha miwani, akaanza kuzungusha. Kutoka kwenye wembe hutoka utepe wa vipande vilivyoshikana, kila kimoja chembamba kama unywele uliopasuliwa mara ishirini. Anaudaka kwa brashi ya kuchorea, anauelekeza kwenye bakuli la maji vuguvugu, unatanda juu ya maji bila kunyanzi hata moja, anauchota kwa kipande chembamba cha kioo. Ukishatiwa rangi ya zambarau na ya waridi, daktari anaweka kioo chini ya hadubini na kuanza kuonekana ana akili.

Wanamwita Mama Nyembe. Siku moja daktari bingwa mgeni alichukua wembe wa ile mashine akachongea penseli. Mama aliurudisha wembe ule ule kwenye mashine. Kwa siku tatu vioo vya daktari yule vilitoka vina michirizi kama ukuta uliokwanguliwa na paka, na siku ya nne akaja mwenyewe kuomba radhi, na boksi jipya la nyembe mkononi.

Ukikaa na watu miaka ishirini na saba utazijua tabia zao, na Mama Nyembe huzisema kansa kama mtu anayesema watoto wa jirani. Ya utumbo mpana ni mvivu, hufuata barabara iliyopo. Damu ya utumboni karibu yote lazima ipite kwenye ini kwanza, basi na yenyewe hupanda humo humo, ikashuka kituo cha kwanza, ikajenga. "Haina hata ubunifu," husema. Ya titi ina ndugu kila mahali. Kwanza hubisha kwenye tezi za kwapani, na ikikaribishwa hapo usishangae kuisikia mifupani, mapafuni, kwenye ini, hata kichwani, na inaweza kunyamaza miaka kumi kabla ya kutuma salamu. Ya mapafu hupenda makuu, mara nyingi utaikuta imepanda mpaka ubongoni. Ya ovari haihangaiki sana na mishipa ya damu, hujimwaga tu tumboni kama gunia la mchele lililopasuka, ikaota kila punje ilipoangukia. Ile nyeusi ya ngozi haina ramani wala adabu. Hiyo ameikuta mpaka kwenye moyo. Na zile zinazozaliwa ndani ya ubongo wenyewe?

"Hizo ni nadra kutoka. Zinafanyia ubaya nyumbani."

Lakini zote, husema, zina aibu moja: hazijui kuficha kwao. Seli ya utumbo ikihamia kwenye ini haigeuki kuwa ini. Inaendelea kujenga vijibomba vyake vya utumbo kana kwamba hakuna kilichotokea, kama mtu aliyehamia ghorofa ya sita na bado anafuga kuku kwenye baraza. Na dawa itakayomweza ni ile ya utumbo. Ukimpa ya ini umempa jirani.

Sasa fomu. Fomu inayokuja na kikopo ilitungwa zamani na mtu ambaye, tumwombee, huenda alikuwa na haraka. Ina kisanduku kimoja kikubwa juu kabisa: ILIKOTOKA. Mtungaji alimaanisha pale kisu kilipokichukua kipande. Daktari wa wodini anaandika "ini", au "pafu", au "shingo", na kwa hilo hajakosea. Lakini karatasi ya majibu nayo hunakili kisanduku kile kile, kwa herufi kubwa na nene, na anayeisoma nyumbani akiona ILIKOTOKA: INI, anajua nini? Anajua ana kansa ya ini. Mama Nyembe aliandika barua tatu kwa ofisi ya utawala akiomba visanduku viwili. Cha kwanza ILIPOKUTWA, cha pili ILIKOTOKA. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya tatu ilijibiwa kwamba stoo bado kuna makatoni kumi na moja ya fomu za sasa, na kwamba ombi lake litaangaliwa makatoni yakiisha.

Yalikuwa hayajaisha mgongo wa Breki ulipoanza kuuma.

Breki ni mume wa mdogo wake, kwa hiyo ni shemeji yake, na ni mwalimu wa udereva. Jina alipewa na mtaa mzima, kwa sababu kila asubuhi mtaa mzima humsikia. Gari lake lina pedali mbili za breki, ya mwanafunzi na ya kwake, na hata hivyo anayoitumia zaidi ni ya tatu, ambayo ni koo. "Breki! Nimesema breki, sijasema uifikirie!" Miaka thelathini amekaa kiti cha abiria akitukana kwa upole watu wazima wenye vyeo vyao. Mgongo ulipoanza kuuma alijua mara moja nani mkosaji: wanafunzi wanaoachia klachi kama wanaotupa kaa la moto. Akanunua mafuta ya kuchua. Akanunua mkanda wa mpira. Akanunua mto wenye umbo la nusu mwezi, na mto ukamuumiza shingo.

Miezi minne baadaye alipigwa picha. Uti wa mgongo ulionekana una madoa. Daktari wa mifupa, mtu mrefu ambaye sahihi yake ni mstari mmoja ulionyooka, alichomoa kwa sindano nene kipande cha mfupa, kidogo kama nusu ya kijiti cha kiberiti, akakitia kikoponi, akajaza fomu. ILIKOTOKA: mgongo.

Mama Nyembe aliliona jina kwenye fomu. Hakuna aliyejua kwamba aliliona. Mfupa ni mgumu kwa wembe, lazima ulale kwenye asidi siku kadhaa mpaka ulegee, na siku zote hizo alikipitia kikopo kile asubuhi na mchana, akikitikisa kidogo, kama mtu anayemwamsha mgonjwa kwa adabu. Jumapili mdogo wake alikuja kwake na macho mekundu.

"Dada, wewe si unafanya kazi huko huko? Huwezi hata kuchungulia?"

"Majibu yanatolewa na daktari."

"Sijakuuliza majibu. Nimekuuliza kuchungulia."

"Hata kuchungulia kunatolewa na daktari."

"Wewe ukizikwa watakuzika na kanuni zako," alisema mdogo wake, akabeba mkoba wake, kisha akarudi kuchukua bakuli lake la plastiki, maana hasira ni hasira lakini bakuli lilikuwa na kifuniko.

Jumatatu mfupa ulilegea. Mama Nyembe aliukata, akautanda, akautia rangi, akaukagua kwenye hadubini yake ndogo ya pembeni kuona kama rangi imekolea. Rangi ilikuwa imekolea vizuri. Katikati ya mfupa wa shemeji yake palikuwa na vijiduara, vidogo, vimesongamana, kama pete za bei rahisi zilizomwagwa kwenye zulia. Mfupa haujengi pete. Alikuwa ameziona pete hizo mara mia sita, na mara zote mia sita zilikuwa na kwao kumoja.

Alikichukua kioo akaenda chumba cha pili kwa daktari wa hadubini, kijana mpole aliyezoea kuongea akiwa ameinama.

"Daktari, nina kioo."

"Mama, nina vioo mia hapa."

"Hiki ni cha shemeji yangu."

Daktari alisogeza vingine pembeni. Akatazama. "Mh," alisema.

"Mh ya wapi?"

"Mh ya chini, mama. Chini ya kibofu."

"Nami niliona hivyo."

"Najua uliona. Nilisikia kiti chako kimeacha kuzunguka."

Akaandika ripoti safi, yenye mistari tisa. Mstari wa nane ulisema: seli hizi hazikuzaliwa mfupani, sura yake ni ya kansa ya tezi dume, mgonjwa apimwe tezi dume na damu mara moja. Ulikuwa mstari wa nane. Juu kabisa, karani alinakili kutoka kwenye fomu, kwa herufi kubwa na nene: ILIKOTOKA: MGONGO.

Jumatano daktari wa mifupa alimwita Breki, akamwambia ashuke kliniki ya njia ya mkojo akapimwe. Breki akauliza kipimo chenyewe kikoje. Akaambiwa kwa lugha nyepesi. Akaomba karatasi aione, akapewa, na hawakumwona tena siku ile.

Jioni aliwaita mkewe na shemeji yake sebuleni, akasimama mbele ya televisheni iliyozimwa, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeinua karatasi.

"Nina kansa ya mgongo," alisema. "Imeandikwa. Sitaki kilio. Lakini nataka mashahidi kwamba wale watu wana wazimu."

Mkewe alianza kulia hapo hapo, kwa kuwa alikuwa amekatazwa. Mama Nyembe aliuliza, "Umesoma mpaka chini?"

"Nimesoma panaposomeka! I-li-ko-to-ka: mgongo. Hii ni karatasi ya hospitali, shemeji, ina muhuri. Sasa niambie. Mimi naumwa mgongo, picha ni ya mgongo, sindano wamechoma mgongo, karatasi inasema mgongo. Halafu daktari anataka mtu akanitie kidole. Wapi? Siwezi kusema mbele ya mke wangu."

"Mimi nakufahamu kote," alisema mkewe katikati ya kilio.

"Nyamaza wewe."

Sasa kwa kuwa mwenye ugonjwa alikuwa ameutangaza mwenyewe, kanuni ilimwachia Mama Nyembe mdomo. Aliutumia kwa kiasi.

"Hapo ilipokutwa siko ilikotoka," alisema.

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Fomu ni mbovu."

"Fomu ya serikali?"

"Hiyo hiyo. Imetoka kwenye tezi dume, ikapanda mgongoni. Ndiyo tabia yake, inapenda mifupa ya kiuno na uti. Kansa iliyozaliwa mfupani ina matibabu mengine. Hii ina dawa ya kuilaza. Lakini kwanza wapime."

"Tezi dume haijawahi kuniuma hata siku moja!"

"Haiumi. Inakufanya ukojoekojoe."

"Mara tano!" alidakia mkewe, machozi yamekata ghafla. "Mara tano usiku mmoja, dada! Nikimuuliza anasema ni chai. Na chai ameacha tangu mwaka jana!"

"Mke wangu, unanivua nguo mbele ya watu."

"Si ndiyo hicho daktari anachotaka?"

Breki alikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko kwa kiganja. Alikuwa amefundisha watu elfu nne kuendesha, alisema. Wabunge wawili. Sista mmoja. Alikuwa mtu wa heshima na hangelala ubavu mbele ya kijana mwenye glovu kwa sababu ya ubishi wa kisanduku. Kama ni kufa kwa mgongo, atakufa kwa mgongo, kwa mujibu wa karatasi.

Mama Nyembe alivaa viatu vyake. Mlangoni alisema, "Mgongo ukibanwa, miguu inazimika. Haitoi taarifa." Akaenda.

Taarifa ilitolewa kesho yake asubuhi, saa nne kasoro. Mwanafunzi alikuwa mama mmoja mwenye duka la vitambaa, somo la sita, mwendo wa kilomita kumi na tano kwa saa. Mbele palikuwa na rundo la kokoto za mtu anayejenga. Breki akapiga kelele kama kawaida. Mwanafunzi akakanyaga mafuta, kama kawaida. Breki akaishukia pedali yake kwa mguu wa kulia, na mguu ukabaki ulipokuwa. Aliuona. Ulikuwa umetulia pale kwenye zulia la gari, ndani ya kiatu chake mwenyewe, kama mguu wa abiria mwingine.

Gari lilipanda kokoto taratibu, likakaa juu, likazima. Hakuna aliyeumia. Mwenye duka la vitambaa aliuliza kama ndiyo somo la mlima.

Mchana wake simu ya maabara iliita. Hiyo simu huwa haipigwi na watu wa nje.

"Shemeji," ilisema sauti, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe mdogo wake, Mama Nyembe alimsikia Breki akiongea chini. "Jana nilikanusha mambo mengi."

"Ndiyo."

"Leo nimekanyaga, mguu haukwenda. Sasa umerudi, lakini unawasha kama nimeulalia. Mimi... Shemeji, mimi bado siamini karatasi yenu. Siamini kisanduku, siamini mstari wa nane. Mnaandika vitu viwili kwenye karatasi moja. Nataka kuona."

"Kuona nini?"

"Hizo pete ulizomwambia mke wangu kwa simu jana usiku, mkidhani nimelala."

Mama Nyembe aliweka mkono kwenye simu, akamuuliza daktari wa hadubini. Daktari, bila kuinua kichwa, alisema mgonjwa ana haki ya kuona vipande vyake, na kwamba mgonjwa ambaye mguu unazimika ana haki ya kuviona sasa hivi.

Breki alifika kwa teksi, akishikilia kuta. Harufu ya dawa ilimpiga akapiga chafya mara tatu. Mama Nyembe alimpa kiti chake, kile cha kuzunguka ambacho hata mkuu wa idara hajawahi kukikalia, akaweka vioo vitatu kwenye hadubini, kimoja baada ya kingine, bila kueleza chochote.

"Tazama. Usiguse."

Breki alitazama cha kwanza. "Vurugu tupu," alisema. "Kama barabara iliyochimbwa ikaachwa." Cha pili. "Hapa kuna pete." Cha tatu alikitazama kwa muda mrefu, mdomo wazi. "Hapa kuna mfupa, na ndani ya mfupa kuna zile pete. Hii ya pili na ya tatu ni ndugu."

"Ya kwanza ni kansa iliyozaliwa mfupani, ya mtu wa zamani. Ya pili ni tezi dume, ya mtu mwingine wa zamani."

"Na ya tatu?"

"Yako."

Mashine ya nta ilikoroma pembeni. Breki alirudisha jicho kwenye lenzi, akaliondoa, akalirudisha.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "ni kama gari. Limeegeshwa mgongoni. Polisi wamelikuta mgongoni. Lakini namba za kule."

"Mimi siendeshi," alisema Mama Nyembe.

"Halibadili namba?"

"Halibadili."

"Hata likae miaka?"

"Hata likae miaka."

Breki akainamisha kichwa kama mtu anayeulizia bei ya kitu cha aibu dukani. "Hicho kidole. Ni kimoja?"

"Kimoja."

"Cha nani? Kijana au mzee?"

"Shemeji, kliniki wanafunga saa tisa. Ni saa nane na nusu."

Alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, Mama Nyembe nyuma akiwa bado na glovu za kukatia, jambo ambalo Breki aliliona na kuliogopa njia nzima. Kliniki ya njia ya mkojo ilichukua dakika mbili za kidole na dakika arobaini za maneno. Daktari alikuwa bibi mwenye mvi, mikono midogo, aliyemuuliza habari za leseni ya mjukuu wake wakati wote wa kipimo, na Breki, kwa mazoea ya kazi, alijibu kikamilifu, akaeleza mpaka tofauti ya daraja moja na jingine, na alipomaliza kueleza kipimo kilikuwa kimeisha zamani. Tezi ilikuwa ngumu kama kokwa. Kipimo cha damu cha tezi hiyo kilitoka na namba mia nane na ishirini, mahali ambapo nne ingetosha. Jioni ile ile alilazwa, akapigwa mionzi mgongoni kuokoa miguu, akaanzishiwa vidonge, kisha sindano, za kuukatia mwili homoni ya kiume ambayo kansa ile huila kama chakula.

Alipoelezwa kwamba homoni ya kiume itakatwa, Breki aliomba maelezo yarudiwe. Yakarudiwa. Akauliza kama sauti itabadilika. Akaambiwa sauti itabaki. "Basi endeleeni," alisema, "mengine ni anasa." Mkewe, aliyekuwa ameshika miguu yake kuona kama ina joto, alimfinya kidole gumba. Akashtuka. Wote wawili walifurahi kwamba ameshtuka.

Huko jengo la nyuma, Jumatatu iliyofuata, Mama Nyembe alimpitia fundi wa mihuri anayekaa mbele ya posta, akamwagiza muhuri wa mpira wenye neno moja. Alilipa mwenyewe. Tangu siku hiyo kila fomu iliyofika na kikopo ilipigwa muhuri juu ya lile neno la kisanduku, kwa wino mwekundu: ILIPOKUTWA. Karani, ambaye kazi yake ni kunakili alichokiona, akanakili alichokiona. Ilichukua wiki saba utawala kugundua. Ofisa akaja na nakala tatu mkononi.

"Nani ameidhinisha mabadiliko haya?"

"Fomu hazijabadilishwa," alisema Mama Nyembe, akipulizia kijitofali pumzi. "Ziko makatoni tisa bado."

"Na muhuri huu?"

"Wa kwangu."

"Huwezi kuwa na muhuri wako kwenye nyaraka za hospitali!"

Kutoka chumba cha pili, bila kuinua kichwa, daktari wa hadubini alisema kwamba tangu muhuri uanze, wagonjwa kumi na wanne walikuwa wamekwenda kliniki inayowahusu badala ya ile wanayodhani inawahusu, na kwamba kama ofisa anataka, atamwandikia majina ya kliniki. Ofisa alisema suala litaandikiwa barua. Barua bado inasubiriwa.

Miezi minane ilipita. Breki alirudi kutembea, kwanza kwa mkongojo, kisha kwa kelele. Alinenepa kiunoni, akawa anatokwa jasho la ghafla mchana kweupe, na mkewe, aliyekuwa amepitia jasho hilo miaka yake ya kukoma hedhi, alimwazima feni ndogo ya betri bila huruma yoyote. "Karibu chamani," alimwambia. Picha mpya ya mgongo ilionyesha madoa yamefifia. Namba ya damu ilishuka kutoka mia nane na ishirini mpaka moja na nukta.

Jumapili iliyofuata aliwakusanya watu sebuleni: ndugu wa pande zote mbili, wanafunzi wa zamani, yule mwenye duka la vitambaa, ambaye sasa ana leseni na amegonga geti mara moja tu. Soda zilifunguliwa. Breki akasimama mbele ya televisheni, shati limepigwa pasi mpaka lina kingo, akainua chupa.

"Ndugu zangu! Waliniandika mfu! Miguu ilizima, mgongo ukabomoka, karatasi zikagombana zenyewe kwa zenyewe! Lakini mimi ni nani? Leo nawatangazieni, mbele ya mke wangu na mashahidi, kansa imekwisha! Nimeipiga breki!"

Sebule ililipuka. Vigelegele vikapanda mpaka mbwa wa jirani akajibu. Wazee walimshika mabega, mkewe akajifuta macho kwa pindo la nguo, mwenye duka la vitambaa akapiga meza.

"Na huyu!" alipaza sauti Breki, akimwelekezea kidole shemeji yake aliyekuwa amekaa karibu na mlango, sahani mapajani. "Huyu mnayemwona ametulia kama hayupo! Ndiye aliyeiona kabla ya bingwa yeyote! Shemeji, simama. Sema neno. Waambie ndugu zetu ushindi huu umeupokeaje."

Wote walimgeukia. Mtu alizima feni ili asikike. Mama Nyembe alimalizia kutafuna, akaweka sahani chini, akasimama, akarekebisha miwani.

"Haijaisha," alisema. "Imelala. Sindano ni Jumanne saa mbili asubuhi, na mara iliyopita alichelewa."